Ahsante, Zena

Mbaruku alipomwacha Zena akahamia kwa Salha, jirani wa ukuta kwa ukuta, mtaa mzima ulidhani Zena atawanyima umeme. Ghorofa lililo nyuma lilizuia jua lisifike kwenye paa la Salha, na chama cha umeme wa jua cha mtaa kilimwachia kila mwanachama achague jirani wa kumpa ziada yake. Zena akawachagua wao, akawapa bila kubakiza.

Kwa kanuni ya chama, kila chombo kikiwaka humshukuru mtoaji kwa jina. Pasi ya Salha ikasema, "Ahsante, Zena." Feni nayo ikasema. Jokofu ndilo usiseme, kila likinguruma.

"Mwambie aache!" Salha alifoka.

"Basi zima feni, ufe na joto," Mbaruku akamjibu.

Ng'ambo ya ukuta, Zena alijipepea kwa kipepeo cha ukindu, akacheka. "Mtanikoma."

Miaka miwili baadaye, Salha alibisha hodi akiwa na mwanawe mgongoni, macho yamemvimba kwa kulia.

"Umeshinda, dada. Msikilize mwenyewe. Mimi hata 'mama' hajaniita."

Mtoto akanyoosha mikono. "Zena," akaita.

Zena akampokea, akamkumbatia, wala hakuwa na haraka ya kumrudisha.