Sikio la Pétronille

"Usifunge macho, Mama," alisema daktari Isidore. Alimshika Pétronille kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza upande wa kuume, kisha akamlaza chali ghafla, kichwa kikining'inia nje ya kitanda.

Chumba kikapinduka. Pétronille aling'ang'ania shuka, kichefuchefu kikampanda kooni. Daktari hakumwachia. Alikuwa akiyatazama macho yake, yaliyokuwa yakichezacheza yenyewe.

Ugonjwa huo ulianza wakati wa mvua. Kila alipogeuka kitandani au kuinua uso kuanika nguo, dunia ilizunguka. Alianguka bombani, akaanguka tena kanisani mbele ya padri. Wazee wa ukoo wa mume wake, Évariste, hawakutafuta mbali. Ndani ya nyumba ile mlikuwa na mjane mmoja, mama yake Évariste, ambaye hakuficha hasira yake kwamba mkaza mwanawe hazai. Alimsema hata mbele ya wageni. Wazee wakamwita mchawi. Wakampandisha mtumbwi wa kwenda Zongwe bila hata sufuria, na huko, habari zilisema, alikuwa akilala kwenye kibanda cha kukaushia samaki, wala hakuna jirani aliyekubali kumpa moto.

Évariste alikuwa mtoto wake wa pekee. Alibishana na wazee mpaka wakakubali jambo moja: daktari akiukuta ugonjwa mwilini mwa Pétronille, mama atarudi; asipoukuta, habari za mama zisitajwe tena. Kwa hiyo aliposikia kwamba daktari wa masikio amefika Kalemie kutoka Lubumbashi, alimshika mke wake mkono, wakatembea polepole hadi hospitalini. Sasa alikuwa akingoja barazani.

Macho yalipotulia, daktari alimgeuza Pétronille kichwa upande wa kushoto, akamlaza ubavu, pua ikitazama sakafu, kisha akamkalisha. Akarudia yote tangu mwanzo. Safari hii macho hayakucheza.

Alimwambia ainame, ainuke, atazame dari. Pétronille alifanya hivyo, kwanza kwa woga, halafu haraka. Kila kitu kilikaa mahali pake. Akaanza kulia.

"Hakuna muntu alikuroga," daktari alisema. "Ugonjwa wako njo sikio tu. Ndani yake kuna chembe ndogo sana, kama muchanga. Zilitoka mahali pake, tumezirudisha. Zikitoka tena, utarudi kwangu."

Akaelekea mlangoni ili amwite Évariste na kumweleza mwenyewe. Pétronille alimzuia kwa adabu. Alisema mume wake amehangaika mno, na habari njema kama hiyo angependa aisikie kinywani mwa mke wake. Daktari akatabasamu, akamwita mgonjwa mwingine.

Évariste alipomwona akitoka, alisimama. Alikuwa ameshazungumza na mwenye mtumbwi. Kesho asubuhi wangeondoka kwenda Zongwe. Alikuwa amenunua hata kitenge, kwa sababu mama alikuwa ameondoka na nguo moja tu mwilini.

"Ameona nini?" aliuliza.

Pétronille alipapasa ukuta kwa mkono, akajiachia taratibu mpaka akaketi chini.

"Hakuona kitu," alisema. "Bado kunazunguka."