Namwombea Wifi

Siku hizi ukimtaja mtu katika sala, anaisikia papo hapo, kwa sauti yako mwenyewe, kupitia kisemeo kilichopachikwa ukutani kwa kila nyumba. Hakizimiki. Laana hazipiti, lakini baraka hupita zote.

Basi mimi nambariki wifi yangu, Tusekile. Kila siku saa kumi na moja alfajiri napiga magoti: "Bwana, mbariki Tusekile, aliyesimama kwenye msiba wa kaka yake akasema nimemtilia mume wangu sumu. Msamehe, Baba. Mpe usingizi mwema."

Mwaka wa pili huu. Wenzangu wa jumuiya wananisifu kwamba nimekua kiroho.

Jana Tusekile alikuja, amekonda, macho mekundu. Akapiga magoti mlangoni.

"Wifi, nilikukosea. Nimeshakiri mbele ya ukoo mzima kwamba nilisema uongo. Naomba uniache nilale."

"Inuka, wifi," nikamwambia, nikammiminia chai. "Nitazidi kukuombea."

Leo nimeamka na raha ya ajabu. Hata sijapiga magoti, kisemeo changu kikaanza kunong'ona. Nikaitambua sauti ya binti yangu, Atuganile, aliyelala chumba cha pili. Jana ndiye aliyeleta vikombe.

"Bwana, mbariki mama yangu, Subilaga. Uulainishe moyo wake."

Nilidhani amemaliza.

"Na siku nikimkosea, Baba, nakusihi, asiniombee."