Rekodi Moja Haivuki

"Hiyo skripti yako inakula watu," Wakiuru alikuwa ashapandisha sauti. "Inakula watu, Nzioka, na wewe umekaa hapo unaniangalia."

"Haikuli mtu. Ni rekodi moja."

"Rekodi moja ni mtoto wa mtu."

Nzioka alikuwa anaangalia skrini vile mtu huangalia ukuta.

Ofisi yenyewe ni chumba moja hapo Kambu, nyuma ya duka ya spea za lori. Kanisa moja huko Migwani iko na tovuti ya watu wamepotea. Ukipotelewa na mtu wako, unaenda unajaza jina, nguo, alama. Kila saa skripti ya Nzioka, programu ndogo aliandika mwenyewe, inagonga seva ya Migwani, inauliza kama kuna mpya. Migwani inajibu, data inavuka, na seva ya Kambu inatuma SMS kwa mawochi wa kulinda mageti, mama wa mahindi choma, madereva, watu wote wa barabara ya Mombasa. Na walikuwa wanapatikana. Kuna mzee alipatikana amelala kando ya petrol station, akarudishwa Zombe na kofia yake kwa kichwa.

Sasa kulikuwa na Mama Katunge wa Migwani. Alijaza mambo ya kijana wake. Picha hakuweka, zote zilienda na simu ya kijana. Tangu hapo anapiga tu, anauliza kama SMS imetoka. Haijatoka. Watu wengine wote wanavuka, wake anabaki ng'ambo.

"Nimeangalia," Wakiuru alisema. "Ikifika kwetu inaandikwa testi, halafu skripti inairuka. Nani aliweka testi hapo?"

"Ukijenga kitu kama hii unaingizanga watu wa uongo, uone kama inafanya. Pengine alichanganyika na hao."

"Mtu wa uongo ako na mama analia kwa simu?"

"Watu hulia."

Wakiuru alivuta kiti, akakosa kukaa.

"Wewe uko na roho ya aina gani? Nilikuchukua bila ID, bila barua, juu ulisema kazi unajua. Nikikutuma mahali na pikipiki hutaki, unatembea kwa jua kama ng'ombe ya kupelekwa soko. Joto yote hii, mkono moja umeficha kwa jumper, na ule mwingine unaandika kama kuku anadona. Nimenyamazia yote. Lakini hii, toa hiyo testi."

"Siwezi."

"Huwezi ama hutaki?"

"Sitaki."

Aliisema bila hasira, vile mtu anakuambia chai imeisha.

"Basi nitamwandika mwenyewe na mkono wangu. Na wewe ukusanye vitu zako uende."

"Sawa, Madam."

Akachomoa chaja. Wakiuru akafungua ile tovuti ya Migwani kwa simu, akaiegemeza kwa kikombe, akaanza kuandika kwa kompyuta ya ofisi. Yeye hawezi kuandika bila kusoma kwa sauti.

"Jina, Kasyoki. Nyumbani, Migwani. Alionekana mara ya mwisho siku ya mazishi ya baba yake, amevaa..." Simu ikazima skrini. Akaigusa.

"Shati ya bluu ya kwaya," Nzioka alisema.

"...shati ya bluu ya kwaya. Umejuaje?"

"Zinapita kwa skripti. Naonanga zote."

Zipu ya begi ilikwama katikati. Akaiacha hivyo.

"Ujumbe wa familia," Wakiuru aliendelea, na sauti ilikuwa imeshuka. "Kasyoki, rudi nyumbani. Baba yako ndiye aliomba umbebe na pikipiki, na lori ndiyo iliingia kwa njia yenu. Hakuna mtu hapa anakulaumu. Chakula yako bado tunafunikanga na sahani." Akapangusa jicho na kidole. "Unasikia hiyo? Huyo ndiye unamwita testi."

"Nasikia."

Alikuwa ashafika mlangoni. Mlango wa hiyo ofisi ulivimba na mvua, haufungi ukiuvuta na mkono moja. Lazima utumie zote mbili. Akaweka begi kwa bega, akatoka nje, akageuka.

Wakiuru hakuinua macho kwa simu. "Alama," alisoma, huku akiandika polepole. "Mkono wa kushoto, kidole ya mwisho hakuna. Ilibaki kwa ajali."

Nzioka akatoa mkono wa kushoto kwa jumper, akashika mlango na vidole nne, akauvuta mpaka ukafunga.