Kinga ya Tumsifu

Siku hizo lango la shule lilipima kinga ya kila mtoto, na akikosa mmoja, darasa zima lilibaki nje. Nakiete alikataa mwanawe Tumsifu achanjwe, hivyo wenzake wakawa wanasomea barabarani. Kisha Tumsifu akaugua surua. Alipopona akarudi shuleni. Lango likaitambua kinga iliyoachwa na ugonjwa, likafunguka, watoto wakaingia wakishangilia.

“Mnaona? Hata bila sindano,” Nakiete aliwaambia wazazi wenzake.

Walimtazama jirani yake Eliamani, ambaye kichanga chake kiliambukizwa na Tumsifu, kikazikwa Jumapili.

“Hongera, mama Tumsifu,” Eliamani alisema taratibu. “Darasa limetimia.”

Nakiete, ambaye hata msibani hakwenda, alikosa pa kuyaweka macho yake.