Korosho Kichwani kwa Bibo

“Jamani, korosho imekaa kichwani!”

Aliyepiga kelele ni Sudi, kibogoyo wa jino moja la mbele. Kabla Sabina hajaelewa kosa liko wapi, darasa zima la chekechea pale Rahaleo, Mtwara, lilikuwa limeshalala mkekani kwa kicheko.

Picha ilikuwa ya Sabina, ameichora mwenyewe kwa jasho lake: mvulana aitwaye Yusufu amesimama chini ya mkorosho, anakula tunda lake, bibo. Sasa Sabina ni mzaliwa wa Tukuyu, kusikoota mikorosho. Korosho alizozijua ni za kwenye pakiti, zimeshatiwa chumvi. Basi kachora bibo jekundu, akalivisha korosho juu kama kofia. Na Mtwara mtoto anajua korosho inaning'inia chini ya bibo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake.

“Haya, korosho nimekosea,” akasema, uso unamwaka. “Kingine je? Kitu gani kingine cha ajabu mnakiona hapa?”

Maana hakusafiri kote huko kwa ajili ya korosho. Yusufu wa pichani alikuwa na mguu mmoja. Kitabu kizima kilihusu hilo: kuwafundisha watoto wadogo kwamba mwenzao mwenye ulemavu ni mwenzao tu. Ndicho kitabu chake cha kwanza. Asubuhi ile mhariri wake, dada Irene, alimtumia ujumbe wa sauti kutoka Dar: “Waonyeshe watoto picha ya kwanza, halafu unyamaze. Usiwaelekeze kwa kidole. Wasipouona mguu wenyewe, mdogo wangu, kitabu sikichapi.”

Na Sabina, kwa kiherehere chake, alikuwa ameshamtangazia mama yake, shangazi zake na nusu ya kwaya ya kanisani kwamba kitabu kinatoka.

“Shati!” akadakia Zawadi, msichana wa mabutu mawili. “Anakula bibo na shati jeupe. Mama yake atamchapa huyo!”

Wote wakakubali kwamba atachapwa. Maji ya bibo yakishaingia kwenye nguo, hata ufue vipi hayatoki.

“Mbuzi hajafungwa,” akaongeza Kelvin kwa sauti ya mtu mzima. “Atamaliza mihogo ya watu.”

Sabina akamtazama mwalimu wao, labda atamwokoa. Wapi! Mwalimu Rehema alikuwa ameketi mkekani katikati ya watoto, mgongo ukutani, khanga ameitandaza mapajani, na anacheka mpaka machozi.

Kusema kweli, Sabina alikuwa na kinyongo naye tangu alipofika. Bajaji yake ilizama kwenye mchanga, akachelewa, akaingia anahema na mkoba begani. Mwalimu hata hakuinuka. Kwao Tukuyu mgeni huinukiwa, hata kama mwenyeji anaumwa mgongo. Huyu alisema tu, “Karibu dada, karibu kiti,” kisha kidevu chake kikatoa amri: mtoto mmoja akaleta kiti, wa pili akapokea mkoba, wa tatu akaja na maji ya kunywa. Wakati huohuo Zawadi na Kelvin walikuwa wakivutana kwenye kona ya mafagio.

“Leo zamu yangu!”

“Yako ilikuwa jana!”

“Ni ya Zawadi,” mwalimu akaamua, na ugomvi ukaishia hapo.

Makubwa! Sabina akawaza. Watoto hawa wamegeuzwa watumishi, mpaka kufagia wanagombania. Akanuna waziwazi. Mwalimu akamwona, akatabasamu kidogo, akarudi kwa watoto wake.

Sasa maneno juu ya picha yalikuwa yanaisha. Mtoto mmoja alisema jua limechorwa macho, naye akashangiliwa. Mwingine akataka kujua Yusufu anashabikia timu gani. Kuhusu mguu, kimya. Sabina alijiona amesimama mbele ya mama yake na kwaya nzima, anaeleza kwamba kitabu hakipo tena. Uvumilivu ukamshinda, na amri ya dada Irene ikaenda na maji.

“Sudi, mwanangu, hebu mtazame tena Yusufu. Mguu wake je?”

Sudi akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule.

“Mguu umefanya nini?”

“Si anao mmoja?”

“Ee,” Sudi akajibu, kama mtu aliyeambiwa mbuzi ana pembe. Halafu, kwa kumwonea huruma, akamkumbusha: “Na korosho iko juu.”

Kicheko kikaanza upya. Sabina akaikunja picha yake taratibu.

“Mwalimu, kazi yangu imeharibika,” akasema. “Hawajauona kabisa. Itabidi nichore upya, niutie rangi kali, sijui. Labda watoto wa shule nyingine wataelewa.”

“Ukichora upya,” akasema Mwalimu Rehema akijifuta machozi, “anza na korosho, mwaya.”

Huko nje upawa ukagonga sufuria: uji tayari. Watoto wakaruka na vikombe vyao, wakatoka mbio, isipokuwa Zawadi. Yeye alikimbilia kona ya mafagio, akarudi kifua mbele, amekumbatia magongo mawili yaliyomzidi urefu.

Mwalimu Rehema akayapokea, akayaweka kwapani, akajiinua kwa mguu wake mmoja na kuiweka sawa khanga yake.

“Haya dada, sasa nimekuinukia,” akasema. “Twende tukanywe uji.”