Mpambe Aliyesita

“Tatu, nenda ukafe,” alisema Hollister kwenye maikrofoni.

Kwenye skrini, chombo cha mpambe wa tatu kilisita. Sekunde moja, labda na nusu. Kisha kikageuza pua, kikatoka kwenye kivuli cha mwezi kilimokuwa kimejificha, kikaelekea moja kwa moja kwenye mizinga ya manowari ya adui.

“Umekaona? Kanaogopa!” Hollister alijipiga paja kwa kicheko. “Dada Odile, mmekafundishaje kuogopa?”

“Tumewatia woga kidogo wote wanne,” alisema Odile Charbonneau. “Mpambe asiye na woga hanogi.”

Alitabasamu, lakini nyuma ya mgongo vidole vyake vilikuwa vimeng’ang’aniana. Studio yake ya kutengeneza michezo ya kompyuta, hapa Montréal, ilikuwa na fedha za kufika Ijumaa tu. Kampuni tatu za kuuza michezo zilishamkatalia ufadhili. Hollister, aliyetua asubuhi hiyo kutoka Seattle na viatu visivyofaa theluji, ndiye pekee aliyebaki. Michezo ya vita vya anga alikuwa nayo ya kumwaga. Alichotaka ni wapambe: marubani wa kompyuta wanaomlinda mchezaji na kuelewa amri ya mdomo kama inavyoeleweka na watu.

Tatu akalipuka. Hollister akashangilia, akabonyeza kitufe, pambano likaanza upya.

“Nne, nifunike. Mbili, kushoto. Kushoto, bwege wewe! Umelewa?”

Mbili akapinda kushoto kwa ghafla, nusura alikwangue bawa la kamanda wake.

“Ha! Kamenuna hako!”

Kwa dakika arobaini aliwachezea namna hiyo. Aliwaamuru wagongane wenyewe kwa wenyewe. Aliwapanga mstari kama chupa tupu, akawaambia wasisogee, akawalipua mmoja mmoja kwa mzinga wake mwenyewe. Hawakusogea. Mara moja tu, Moja alifyatua kombora likampita Hollister puani. Odile akakohoa, kikohozi kikubwa kuliko haja, uso kaugeuzia ukutani.

“Kasoro ndogo,” alisema. “Haitajirudia.”

Haikujirudia.

Hollister alipotosheka, alivua visikilizio vya masikioni na kufungua mkoba.

“Nasaini. Nakupa mwaka mzima uumalize mchezo. Ila nina sharti moja. Mna wapimaji wangapi, wale wanaoshinda wanacheza ili kutafuta makosa?”

“Wanne.”

“Waondoe leo hii.”

“Bwana Hollister, wapimaji wangu wamekaa nami tangu—”

“Wa nini sasa? Wapambe wako hawa hawaumwi, hawaombi likizo, hawaendi chooni. Waache wacheze usiku na mchana, makosa watayaona wenyewe. Jumatatu natuma mtu. Akikuta mpimaji hata mmoja kwenye orodha ya mishahara, tusahauliane.”

Ghorofa ya chini, wachoraji na waandishi wa programu kumi na mmoja walikuwa wameacha kazi, wamekaa wakisubiri Odile asikike akishuka ngazi. Angeweza kusema ukweli. Ungechukua sentensi moja, na Hollister angefunga mkoba.

“Una kalamu?” aliuliza.

Hollister alisaini kurasa tatu, akaomba kahawa, akabadili nia, akaita teksi. Mlangoni alimpa Odile mkono.

“Hako ka tatu,” alisema, bado anacheka. “Kafanye kaogope zaidi. Watu watakapenda.”

Teksi ilipokata kona, Odile alirudi juu, akaupita mlango wa ukumbi wa maonyesho, akafungua ule wa chumba cha pili. Watu wanne waliinua vichwa kutoka kwenye skrini nne. Visikilizio vilikuwa bado shingoni, viganja vimelowa jasho.

“Amesaini?” aliuliza Mireille, aliyekuwa Tatu.

“Amesaini. Kusanyeni vitu vyenu, nyote wanne. Mmecheza vizuri mno.”

“Bosi, si wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia tujifanye kompyuta—”

“Ndiye mimi,” alisema Odile, akiushikilia mlango uwe wazi. “Na siombi radhi.”