Paja la Ereng

"Vua suruali," Dau alisema. "Nani atakuona humu?"

Ereng alicheka bila kutaka. Alilala kifudifudi mkekani, mabati ya kambi ya Kakuma yakitoa joto kama jiko. Vidole vya Dau vilitambaa nyuma ya paja lake, vikatua palepale msuli ulipovutika.

"Taratibu, we Mdinka! Unadhani unasonga ugali?"

"Ugali hukaa kimya."

Dau alifunga ndani ya soksi barafu aliyoinunua dukani kwa Msomali, akaikandamiza hapo. Hii ilikuwa wiki ya tatu tangu aumie. Muuguzi alikuwa amesema apumzike sita. Mchujo wa mita mia nne ulikuwa Jumamosi, Lodwar, na mshindi mmoja tu ndiye angepelekwa Nairobi.

"Miaka minne tumekula vumbi pamoja, ndugu yangu," Dau alisema, akisokota kamba ya kiatu kidoleni, kama alivyozoea akiwa na hofu. "Kama bado, sema. Zimebaki siku nne. Tunaweza kupanga mengine."

Mengine! Neno hilo lilimchoma Ereng kuliko paja.

"Nani amekwambia Mturkana hushindwa na mguu wake mwenyewe?"

"Basi tembea."

Ereng aliinuka. Alienda hadi mlangoni na kurudi, hatua sawasawa kama askari wa gwaride, meno yakiuma kola ya shati. Dau aliinamisha kichwa kama aliye kanisani, mpaka hatua ya mwisho.

"Umepona!" alipiga makofi. "Ereng, umepona!"

Ereng aliokota suruali yake, akaivaa akiuma tena kola.

Jumamosi, Lodwar, upepo ulivuma mchanga na uwanja ulijaa vifijo. Ereng alimwacha Dau ameketi karibu na mstari, akaenda mbali kidogo kupasha misuli, ili Dau asimsikie akiguna. Hatua ya tano, kitu kilikatika nyuma ya paja. Alianguka. Alijaribu kuinuka, mguu ukakataa. Akajaribu kwa mikono, akaambulia mchanga. Aliita, lakini kipaza sauti kilimfunika.

"Wakimbiaji wasioona, mstarini! Leni ya tatu, Dau Majok na kiongozi wake!"

Dau alisimama akitabasamu. Alijifunga ncha moja ya kamba ya kiatu mkononi, akainyoosha ya pili hewani, upande wa kulia.

"Ereng," alisema, "shika."